Maili Sita Nyuma ya Ndege ya Mizigo

Mheshimiwa alichelewa kwa saa mbili na dakika nne. Zile saa mbili zilikuwa zake mwenyewe: alikula, akajinyoosha kidogo, akapitiwa na usingizi, akaamka akatafuta tai ambayo tayari ilikuwa shingoni mwake. Dakika nne ndizo zilizokuwa za mwongoza ndege. Na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuzitaja saa mbili, barua iliandikwa juu ya dakika nne.

Siku hiyo Mheshimiwa alikuwa anakwenda kufungua vyoo vipya vya soko. Ndege yake ya viti sita ilikuwa inakuja kutua nyuma ya ndege kubwa ya mizigo, na kati ya hizo mbili palikuwa na maili tatu. Sheria inataka sita. Ndege kubwa ikipita, huacha nyuma ya mbawa zake upepo unaojisokota, upepo usioonekana kwa macho, na ndege ndogo ikiuingilia inaweza kupinduliwa kama mtu anavyofunua ukurasa. Mwongoza ndege alikuwa mnarani, hedifoni masikioni. Akasema kwenye redio, “Zunguka mara moja kulia, kisha uje.” Rubani akajibu, “Nazunguka kulia.” Akazunguka, akatua, abiria wakashuka kwa miguu yao.

Hapo ndipo ubaya wa kazi hii ulipo. Ukiifanya vizuri, haibaki hata alama ya kuonyesha kwamba umeifanya.

Katika zile dakika nne, mpinzani wa Mheshimiwa, aliyekuja kwa gari, alifika sokoni. Akakuta utepe umefungwa, mkasi uko kwenye sinia, bendi imechoka kusubiri na watu wamechoka na bendi. Akauchukua mkasi, akakata utepe. Kisha akaingia chooni, wa kwanza kabisa, akakaa humo muda wa kutosha kuonyesha kwamba hana haraka, akatoka anapunga mkono. Soko zima likapiga makofi. Mheshimiwa alipofika, kilichobaki kwake kilikuwa kunawa mikono.

*

“Kaa,” alisema Mkuu wa Mnara.

Mwongoza ndege akakaa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, wa kusema maneno machache na kuyasema mara mbili, kwa sababu kazini kila neno lazima lirudiwe ili lisikosewe. Hata nyumbani mtu akimwambia chumvi imekwisha alijibu, “Chumvi imekwisha,” mpaka mkewe akamkataza.

Mkuu alisukuma karatasi mbili mezani. Ya kwanza ilisema amesimamishwa kwa kumchelewesha kiongozi angani. Ya pili ilikuwa ya kuomba radhi, imekwisha kuandikwa, imebaki sahihi.

Mwongoza ndege akaisoma kwa sauti ya chini. “‘Nakiri kwamba umbali wa maili sita haukuwa wa lazima, na kwamba ndege ya kiongozi ingeweza kupita maili tatu nyuma ya ndege kubwa bila shida yoyote.’” Akainua macho. “Mkuu, hii si kweli.”

“Ni barua. Barua haina haja ya kuwa kweli, ina haja ya kuwa na sahihi.”

“Lakini wewe ndiye uliyenifundisha maili sita. Ulichora kwa chaki. Ndege kubwa hapa, ndogo huku.”

“Nikikufundisha, nakufundisha. Usinirudishie.” Mkuu aliangalia mlango. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na kila siku aliyoimaliza aliikata kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu. “Kikao ni Ijumaa. Ukija na sahihi, Jumamosi uko zamu. Ukija bila sahihi, leseni yako inafutwa. Na barua yako ikishatiwa sahihi itabandikwa mnarani, wenzako wajue namna ya kuwapitisha viongozi.”

“Itabandikwa mnarani.”

“Usirudie maneno yangu!”

Mwongoza ndege akatoka na karatasi zake. Leseni ile ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho cha kumlisha mtu. Ujuzi wa kuzitenganisha ndege hauna mahali pengine pa kuupeleka. Mtaani kwao kulikuwa na majirani wengi wa kutenganishwa, lakini hao hawasikii redio.

*

Mkewe alikuwa mshona sare za shule. Cherehani ilikuwa sebuleni, na mtu yeyote aliyeingia nyumba ile alilazimika kuruka vitambaa vya bluu kabla ya kusalimia. Mama yake mke, ambaye alikuja kuwatembelea kwa wiki mbili na sasa alikuwa na mwaka wa tatu, alikaa kwenye kiti chenye mto, akitoa vifungo kwenye kopo kimoja kimoja.

Barua ya kusimamishwa ilisomwa na binti yao wa miaka kumi na mmoja, ambaye nyumbani walimwita Kasuku kwa sababu hakuna kilichoingia masikioni mwake kikakaa kimya. Alisoma vizuri, kwa sauti ya redioni, mpaka mama yake akampokonya karatasi.

“Kwa hiyo,” alisema mama mkwe, “mkwe wangu umemzungusha kiongozi hewani.”

“Mara moja tu, mama.”

“Mara moja inatosha. Mimi mtu akinizungusha mara moja ofisini, simsahau.” Akaokota kifungo. “Na nafasi yote ile juu! Mimi nikitazama juu sioni hata msongamano. Ndege inapita asubuhi, nyingine mchana. Wewe ukakosa pa kumpitisha mtu mmoja?”

“Si nafasi, mama. Ni upepo.”

“Upepo gani? Siku ile hata nguo hazikukauka.”

Mke aliiweka karatasi juu ya cherehani. Alikuwa ameisoma ile barua ya radhi mara mbili. “Hapa panataka sahihi tu?” aliuliza.

“Sahihi tu.”

“Basi tia.”

“Mama Kasuku…”

“Nimesema tia. Kalamu iko pale kwenye kopo la vifungo. Mtoto yuko darasa la tano, nyumba ni ya kupanga, cherehani ina sindano moja. Wewe unataka kubishana na mtu anayesindikizwa na pikipiki hata akienda kunyolewa?”

Kabla hajajibu akaingia shemeji, mdogo wa mke. Alikuwa dereva wa Mheshimiwa, na mtaani walimwita Usukani. Alipenda kusema “sisi” akimaanisha yeye na Mheshimiwa.

“Tumekasirika sana,” alisema Usukani, bado amesimama mlangoni. “Tangu juzi hatujala vizuri.”

“Wewe au yeye?” aliuliza dada yake.

“Sisi. Lakini nimetafuta njia. Kesho saa nne mnakuja nyumbani kwake, mnamwangukia. Wote. Shemeji, mama, dada, mtoto. Mtoto avae sare, sare inalainisha moyo. Shemeji, wewe usieleze kitu. Ukianza maneno ya maili na upepo, tumekwisha. Sema tu, ‘Nimekosa.’”

“Nimekosa,” alirudia mwongoza ndege.

“Hapo hapo! Vizuri sana,” alisema Usukani, akadhani amekubali.

*

Nyumbani kwa Mheshimiwa walipewa benchi nje, karibu na mahali magari yanapooshwa. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita nayo. Maji ya kuoshea magari yalikuja taratibu mpaka kwenye viatu vyao, wakainua miguu wote wanne kwa pamoja, wakakaa hivyo kama watu waliomo kwenye mtumbwi. Mlinzi alikuja mara mbili kuwauliza wao ni nani. Mara ya kwanza mama mkwe alijibu, “Wageni.” Mara ya pili akajibu, “Wakosaji,” na mlinzi akaonekana kuridhika.

“Mama, tukishamwangukia tunaondoka au tunabaki chini?” aliuliza Kasuku.

“Nyamaza.”

“Nauliza kwa sababu ya sare. Ni ya kuuza hii.”

Ilikuwa kweli. Ilikuwa sare ya mtoto wa watu, ya kupelekwa Alhamisi.

Ubavuni mwa nyumba alitokea rubani, na begi lake begani. Alipoisikia sauti ya mwongoza ndege akimtuliza mtoto, alitaka kurudi alikotoka, lakini walikuwa wametazamana tayari. Walikuwa hawajawahi kuonana uso kwa uso, ila sauti zao zilijuana kwa miaka sita. Rubani alisogea, akajifanya anafunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba.

“Wewe ndiye mnara,” alinong’ona.

“Ndimi.”

“Ulifanya sawasawa. Ningekuwa wewe ningenizungusha hata mara mbili. Siku moja zamani niliuingia ule upepo, ndege ililala ubavu nikaliona paa la nyumba ya mtu kwenye dirisha la pembeni.” Akasimama. “Ila usinitaje.”

“Nisikutaje.”

“Asante, kaka.” Akaondoka haraka.

Mke alikuwa amesikia kila neno. Alimfuata rubani kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya magari.

Saa sita kasoro waliitwa. Mheshimiwa alikuwa anakula tunda kwa uma, na runinga imewashwa. Mama mkwe alikwenda chini kwa magoti yake mabovu kabla hajaambiwa, na ilichukua watu wawili kumnyanyua baadaye.

“Nimekosa,” alisema mwongoza ndege.

“Unajua ulichonifanyia?” Mheshimiwa alielekeza uma juu, kwenye dari. “Anga lote hili! Hakuna ukuta, hakuna shimo, hakuna trafiki. Wewe unaniambia zunguka. Mimi! Unajua nilikuwa naona soko dirishani? Nilikuwa namwona yule mtu anaingia chooni kwangu! Namwona kwa macho, na ndege inanigeuzia upande mwingine!”

“Pole, Mheshimiwa,” alisema mama mkwe kutoka sakafuni, kwa dhati kabisa.

“Ijumaa nitakuwepo mwenyewe. Nataka nione kalamu ikitembea.” Akarudi kwenye tunda lake. Wakatolewa.

*

Kurudi nyumbani walitembea, kwa sababu Usukani alisema gari la Mheshimiwa haliwezi kubeba watu walio kwenye kesi. Mama mkwe na Kasuku walitangulia. Mume na mke walifuata nyuma, mke akisukuma baiskeli yake yenye furushi la sare zilizofungwa kwa mpira.

“Huo upepo,” alisema mke. “Niambie mimi. Niambie kama mtu asiyejua chochote.”

“Ndege kubwa inaukandamiza upepo chini ili ikae juu. Ule upepo haufi palepale. Unajikunja nyuma yake huku na huku, unabaki unazunguka kwa dakika nzima, hata mbili. Ndege ndogo ikiingia humo…”

“Kama lori.”

“Kama lori gani?”

“Lori likinipita nikiwa kwenye baiskeli. Halinigusi. Liko mbali na mimi hatua nzima. Lakini likishapita, kuna kitu kinanivuta halafu kinanisukuma.” Alisimama. “Mwaka jana niliingia mtaroni na sare thelathini. Nilikuja nyumbani nimejaa tope, wote mkaniuliza lori limenigonga wapi. Nikasema halikunigonga. Mama akasema basi nimeanguka kwa uzembe. Na wewe ulikuwepo, ukanyamaza.”

“Nilikuwa nimetoka zamu.”

“Nilizifua sare thelathini kwa mkono, kwa kosa la upepo ambao hakuna aliyeuona.” Akaanza kusukuma tena, kwa nguvu. “Kwa hiyo ukitia sahihi, hiyo karatasi inabandikwa mnarani. Siku nyingine kijana wa zamu anaisoma, anampitisha mtu maili tatu.”

“Anampitisha.”

“Na kijana huyo akikataa, wanamwonyesha sahihi yako.”

Mwongoza ndege hakurudia hilo.

Walifika karibu na kona yao. Mke akasema, “Yule wa kiatu kisicho na kamba. Yeye ndiye anayekaa mbele kwenye hiyo ndege?”

“Yeye.”

“Basi Ijumaa usikatae. Ukikataa wanakumaliza palepale. Waambie uko tayari kutia sahihi, ila unaomba na rubani atie chini yako, kwamba yeye atapita maili tatu nyuma ya ndege kubwa, na Mheshimiwa akiwa ndani. Sahihi mbili. Wanapenda sahihi hawa.”

“Na akitia?”

Mke alifikiri. Alikuwa mtu wa kukata kitambaa mara moja tu, na alijua kikishakatwa hakirudi. “Akitia, umetia. Wakikufukuza, mimi nitatafuta sindano ya pili.”

*

Kikao kilifanyika kwenye chumba cha mikutano cha kiwanja cha ndege, chenye viti vya magurudumu vilivyomfanya kila aliyeegemea aende nyuma kidogo kuliko alivyotaka. Mwenyekiti alikuwa mtaalamu wa majengo. Alikuwa amepanda ndege mara mbili maishani, na mara zote mbili alilala. Pembeni yake alikaa mwanasheria, na Mkuu wa Mnara, na Mheshimiwa mwenyewe kwenye kiti kilicholetwa kutoka kwenye ukumbi wa wageni. Rubani aliambiwa akae karibu na mlango, iwapo itahitajika mtu wa kuleta chai. Mke wa mwongoza ndege aliachwa kwenye korido, lakini dirisha la korido lilikuwa halifungiki, na yeye alikaa chini yake.

“Tuanze,” alisema Mwenyekiti. “Mwongoza ndege, tuambie. Anga lina upana gani?”

“Halina mwisho, mwenyekiti.”

“Karani, andika: halina mwisho.” Akageuka kwa wenzake, ameshafurahi. “Sasa, kwenye kitu kisicho na mwisho, wewe ukamkosesha nafasi kiongozi mmoja?”

Chumba kikacheka. Mheshimiwa akacheka kwa muda mrefu kuliko wote, na wote wakarudi kucheka naye.

“Ulipompa amri ya kuzunguka,” alisema mwanasheria, “uliuona huo upepo?”

“Hauonekani.”

“Uliusikia?”

“Hausikiki nikiwa mnarani.”

“Andika: shahidi hakuona wala hakusikia.”

“Mimi si shahidi,” alisema mwongoza ndege.

“Andika hilo pia: si shahidi.”

Mkuu wa Mnara alikuwa anaitazama meza. Mwenyekiti akaisogeza barua ya radhi na kalamu juu yake. “Tusichoshane. Unatia au hutii?”

“Natia.”

Nje, chini ya dirisha, mke alishika mkoba wake kwa mikono miwili.

“Ila naomba kitu kimoja, mwenyekiti. Barua hii inasema ndege ya kiongozi ingepita maili tatu bila shida. Mimi siendeshi ndege, mimi nakaa kwenye kiti. Naomba rubani naye aandike mstari mmoja chini yangu, kwamba atapita hivyo, Mheshimiwa akiwa ndani. Ili barua iwe na nguvu.”

Mwenyekiti akatazamana na mwanasheria. Mwanasheria aliona jambo jema: sahihi mbili ni bora kuliko moja. “Hakuna ubaya,” alisema. “Inaongeza uzito.” Mstari ukaandikwa. Rubani akaitwa kutoka mlangoni, akapewa kalamu.

Alikaa. Aliisoma. Aliifuta kalamu kwenye suruali, kama kwamba ilikuwa na maji.

“Naomba nisome tena,” alisema.

“Ni mistari miwili tu, kijana.”

“Ndiyo, mwenyekiti. Lakini huu wa pili mimi nimo ndani yake.”

“Weka sahihi twende,” alisema Mheshimiwa. “Nina shughuli.”

Kalamu iligusa karatasi ikaacha kidoti. Rubani akaiinua. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. “Mheshimiwa,” alisema, “samahani sana. Mimi nina watoto.”

“Hata mimi nina watoto!”

“Ndiyo, Mheshimiwa. Nao nimewafikiria.”

Kiti kimoja cha magurudumu kilirudi nyuma chenyewe, kikagonga ukuta. Hakuna aliyecheka. Mheshimiwa alimtazama rubani wake, akamtazama na Mwenyekiti, mwishowe akamgeukia Mkuu wa Mnara, taratibu.

“Kwani huo upepo upo?”

Mkuu alikohoa. “Upo, Mheshimiwa.”

“Tangu lini?”

“Tangu kuwe na ndege.”

“Na mbona hukuniambia?”

“Hukuniuliza, Mheshimiwa.”

Mheshimiwa alilegeza tai. “Kwa hiyo siku ile, mimi nilikuwa nyuma ya ule upepo. Maili tatu. Mimi nimekaa nakula korosho!”

“Maili tatu kabla ya kuzunguka,” alisema mwongoza ndege, naye akaona mlango unafunguka mbele yake, akaukimbilia. “Baada ya kuzunguka ulikuwa maili sita. Ndiyo sababu ya zile dakika nne. Ulikuwa salama kabisa, Mheshimiwa.”

“Sita.” Mheshimiwa alilitafuna hilo neno. “Na mtu wa kawaida, kwenye ndege kama ile, anawekwa maili ngapi?”

“Sita.”

“Na mimi uliniweka?”

“Sita.”

“Sawasawa na mtu wa kawaida!”

Mwongoza ndege akafungua mdomo, lakini mlango ulikuwa umekwisha kufungwa. Mwenyekiti alikuwa tayari amemgeukia karani. Mwanasheria alikuwa tayari anatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu aliyeliona jambo hili tangu mwanzo.

“Kama sita inamtosha mwananchi,” alisema Mwenyekiti, “kiongozi anastahili angalau mara mbili. Hiyo ni hesabu ya kawaida hata kwenye majengo.”

“Kumi na mbili,” alisema mwanasheria.

“Mwenyekiti,” alisema mwongoza ndege, “mkimpa mmoja kumi na mbili, wengine nitawaweka wapi? Watasubiri wanazunguka. Watarundikana.”

“Si umesema anga halina mwisho? Karani, tusomee pale juu.”

Karani akasoma. Ilikuwa imeandikwa hivyo hivyo.

Wakamaliza kwa nusu saa. Barua ya radhi ilichanwa. Rubani alipongezwa kwa kusema ukweli bila woga, akapewa mkono na kila mmoja. Mkuu wa Mnara alishukuriwa kwa utaalamu wake. Na mwongoza ndege, kwa kosa la kumweka kiongozi kwenye umbali wa mtu wa kawaida huku akijua hatari iliyopo, alinyang’anywa leseni kwa miezi mitatu. Mwenyekiti alimwambia ashukuru. Watu wengine, alisema, wangefutiwa kabisa.

*

“Wamekuacha?” aliuliza mama mkwe, kabla hawajaruka vitambaa.

“Miezi mitatu hana leseni,” alisema mke.

“Kwa kumzungusha?”

“Hapana, mama. Kwa kumsogeza karibu mno.”

Mama mkwe aliacha kifungo kikaanguka ndani ya kopo. “Si walisema alimweka mbali?”

“Hiyo ilikuwa asubuhi.”

Mke alikaa kwenye cherehani, akainamisha kichwa juu ya mkono wa mashine, na mabega yakaanza kutikisika. Kasuku alidhani analia, akaja kumshika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akalazimika kutumia kola ya sare ya mtoto wa watu kufutia macho, halafu kicheko kikabadilika katikati, kikawa kile alichodhani Kasuku. Mumewe alisimama kando, hajui mikono aiweke wapi.

“Ulifanya vizuri,” mke alimwambia mwishowe. “Haikubandikwa mnarani.”

“Haikubandikwa.”

“Basi keti. Shika huu mkasi. Pindo hili unakata hapa kwenye chaki, usiingie ndani.”

Akashika mkasi. Alikata kwa uangalifu kupita kiasi, na mama mkwe akasema kwa mwendo huo watoto watamaliza shule kabla ya sare. Usukani alipiga simu kusema wao wamefurahi sana na matokeo, na kwamba leo mchana wanasafiri kwenda kuhani msiba, ndege inaondoka na kurudi kabla jua halijazama.

Jua lilikuwa bado kidogo kuzama Kasuku aliposimama mlangoni. “Baba, mbona hizi ndege hazitui?”

Walitoka wote. Juu ya mabati ya mtaa ndege nne zilikuwa zinazunguka, kubwa na ndogo, zikipishana kwenye duara ambalo lilikuwa dogo kwa mbili. Mbali, upande wa machweo, kijidoti cheupe kilikuwa kinakuja peke yake, mbele yake peupe, nyuma yake peupe, polepole, kama harusi.

“Kumi na mbili,” alisema mwongoza ndege.

Hakuwa anakitazama kile kijidoti. Alikuwa ameinua mkono na kufumba jicho moja, akipima kwa vidole. Ile ya pili na ile ya tatu zilikuwa zimekaribiana. Hata kimo chao angani kilikuwa kimoja. Vidole vyake vilianza kubanana, na bila kujijua alikuwa anasema kwa sauti ya kazini, tulivu, “Panda futi elfu moja, panda futi elfu moja,” kwa ndege ambazo hazimsikii. Majirani wawili waliokuwa wanachota maji walimtazama wakagusana viwiko.

Mkewe alikuja kusimama ubavuni mwake. Alitazama alikokuwa anatazama yeye, na safari hii aliona.

“Nani yuko mnarani?”

“Mkuu mwenyewe. Zamu yangu ameichukua yeye. Hajashika redio miaka tisa.”

“Na ataweza?”

Mwongoza ndege hakushusha mkono.

“Ana leseni,” alisema.